Tumbo la Mbuta ni la Nani?

Nyanya yangu alikuwa na sheria moja kuhusu samaki, na hakuwa na simile nayo: samaki asivuke mlango akiwa na tumbo. Ukimleta nyumbani mzima, unarudishwa ziwani na kisu mkononi hata kama giza limeshaingia na mbu wameanza zamu yao. Kijiji chetu kiko upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, na kutoka nyumbani hadi bichi ni mwendo wa dakika 20 hivi, ukiwa mtoto mwenye hasira.

Pale ufuoni alikuwa na jiwe lake. Kila mwanamke alikuwa na lake, na hukuthubutu kukalia la mwenzako. Alianza na magamba, kutoka mkiani kwenda kichwani, kisha mashavu, kisha tumbo. Kisu kiliingia kidogo tu, ncha ikiwa imeinuliwa ili isiguse nyongo. "Nyakwara, ukipasua nyongo umepika bure," alikuwa akiniambia. Mayai yaliwekwa kando, mafuta pia. Utumbo ulienda kwa mbwa na ndege. Na karibu na jiwe, mara nyingi, kulikuwa na samaki wawili watatu ambao hakuwa amewanunua. Hao walikuwa malipo. Mvuvi aliyetaka samaki wake wapasuliwe haraka kabla jua halijapanda aliacha kitu.

Nimewafikiria sana hao samaki wawili watatu. Historia ya ziwa letu inaweza kuandikwa kwa kufuata mashua, au nyavu, au bei. Mimi naona inaeleweka upesi zaidi ukifuata kisu: samaki anapasuliwa lini, wapi, na nani anabaki na kilichomo ndani.

Tuanze na haraka yenyewe, kwa sababu si ushirikina wa wazee. Samaki akiwa hai, tumbo lake linajilinda. Akifa, ile dawa ya mwili inayomeng'enya chakula inaanza kula kuta za tumbo lenyewe, na bakteria walioko utumboni, kwenye mashavu na juu ya ngozi wanapata njia ya kuingia nyamani. Ngege na jamaa zake wanakula mwani, kwa hivyo tumbo limejaa kitu kibichi kinachochacha upesi. Kwa joto la kwetu, samaki aliyetolewa alfajiri na kuachwa mzima juani atakuwa ametangaza habari zake kabla ya jioni. Ukimpasua, ukamwosha na kumweka kivulini, umejipatia saa kadhaa. Ukimfungua kama kitabu na kumwanika mpaka akawa obambla, umejipatia majuma.

(Omena yuko nje ya sheria hii. Huyo hapasuliwi, anaanikwa na tumbo lake, na ule uchungu mdogo unaousikia ulimini ndio tumbo lenyewe. Nimeona watu Nairobi wakikaa na sinia wakitoa vichwa vya omena kimoja kimoja kama wanaochambua mchele. Nyanya angewacheka hadi alie.)

Kwa hivyo kisu kilikaa karibu na maji kwa sababu samaki hakuwa na muda. Na kwa kuwa wanaume ndio waliopanda mashua, wanawake ndio waliokuwa ufuoni na kisu. Hakuna aliyeketi akaamua hivyo kwenye mkutano. Joto liliamua, desturi ikatia sahihi. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: kila samaki aliyetoka ziwani alipitia mkono wa mwanamke kabla ya kwenda popote, na kila mkono ulibaki na kitu.

Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, mambo yalianza kusogea. Samaki aliyekuwa akiliwa umbali wa kutembea kwa miguu sasa alikuwa na treni ya kupanda. Nyavu za kisasa zikaja miaka hiyo hiyo, na haikuchukua muda ngege akaanza kupungua. Kufikia 1927 na 1928 serikali ya kikoloni ilikuwa imemleta mtaalamu, Michael Graham, kulipima ziwa, naye akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Hiyo ni hadithi ya nyavu na imesimuliwa sana. Kisu, kwa wakati huo, kilibaki pale pale jiweni.

Kilichokihamisha ni mbuta.

Mbuta, ambaye Watanzania wanamwita sangara, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950, mwanzoni kimya kimya upande wa Uganda, kisha wazi wazi mapema miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana sana. Halafu, kuelekea 1980, akajaa. Fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao kila nyumba iliwakausha, wakatoweka nyavuni karibu kwa mara moja, na mahali pao pakaja mnyama ambaye anaweza kufika kilo 200.

Wazee wanakumbuka kwamba mwanzoni hakuna aliyempenda. Wanasayansi huzungumza juu ya ikolojia. Wanawake wa ufuoni walizungumza juu ya kisu. Unampasuaje samaki mwenye urefu wa mtoto wa darasa la tatu kwa kisu cha jikoni? Ilibidi panga, wengine shoka. Halafu ana mafuta mengi. Ukimwanika jua linamchurura badala ya kumkausha, kwa hivyo ilibidi kumkaanga au kumfukiza moshi, na moshi unataka kuni, na kuni zinataka pesa. Ujuzi wote wa jiwe, ule wa ncha iliyoinuliwa na nyongo isiyoguswa, ulikuwa wa samaki wa ukubwa wa kiganja. Ghafla ukawa hautoshi.

Lakini watu hujifunza, na wanawake wetu walijifunza. Kwa miaka michache mbuta alikuwa neema kweli. Kichwa kimoja kililisha nyumba. Mafuta ya tumbo yaliyeyushwa kwenye karai na kukaangia minofu ile ile. Mama zangu wadogo wananiambia kwamba kuna bati kwenye nyumba za kwetu lililonunuliwa na mbuta wa miaka hiyo, na ukipita utaliona bado, limepata kutu lakini liko.

Halafu barafu ikafika bichi.

Sijui kama kuna kitu kilichobadilisha maisha ya ufuo kuliko barafu, na ni ajabu jinsi kinavyotajwa kidogo. Samaki wa maji ya joto akifunikwa barafu vizuri hukaa muda mrefu kuliko hata samaki wa bahari ya baridi, wiki tatu na zaidi, kwa sababu bakteria wake wamezoea joto na baridi inawalaza. Yaani ile haraka yote niliyoieleza, iliyomfanya mvuvi amhitaji mwanamke mwenye kisu kabla jua halijapanda, barafu iliifuta. Tumbo sasa lingeweza kusubiri. Na tumbo likiweza kusubiri, mwenye barafu ndiye anayechagua mahali pa kulipasua.

Wenye barafu walikuwa viwanda. Mapema miaka ya 1980 vilianza kufunguliwa upande wa Kenya, Kisumu hasa, na kwa miaka kadhaa mbuta wa Uganda na Tanzania pia waliletwa huku, kabla nchi hizo hazijajenga vyao. Lori lenye boksi la barafu lilifika bichi na mizani na ajenti. Ajenti alimtaka samaki mzima, alimpima mzima, akamlipa mvuvi papo hapo, mara nyingi akiwa ameshamkopesha nyavu. Lori likaondoka. Jiwe likabaki kavu.

Ndani ya kiwanda mbuta alipasuliwa na watu waliovaa makoti meupe na mabuti ya mpira. Minofu ilisafiri kwenda Ulaya, Israeli, na kwingineko. Minofu haifiki nusu ya uzito wa mbuta. Kilichobaki, kichwa na mifupa yenye vipande vya nyama, kilitoka kwa mlango wa nyuma kikauzwa. Watu wakakipa jina ambalo kila mtu wa Kisumu analijua: mgongo wazi.

Na hapa ndipo wanawake wanarudi kwenye hadithi, lakini tazama wanarudi kupitia mlango gani. Obunga, mtaa ulio jirani na viwanda, ukawa mji mkuu wa mgongo wazi. Ukipita asubuhi unaona moshi kabla hujaona nyumba. Karai kubwa, kuni, mafuta yanayochemka, migongo imepangwa kama mbao. Mama samaki ambaye mamake alikuwa akipokea samaki mzima kwa ajili ya kumpasua, sasa anapanga foleni kununua mifupa ya samaki aliyepasuliwa na mwingine. Na hata hiyo mifupa haikuwa yake bila ushindani. Viwanda vya chakula cha mifugo vilikuja na malori vikiitaka kwa ajili ya kuku na nguruwe. Mwaka 1997 Richard Abila na Eirik Jansen waliandika ripoti kwa ajili ya IUCN kuhusu jambo hili, na swali lao lilikuwa rahisi hata kama lugha ilikuwa ya kitaalamu: ziwa linalisha nani?

Miaka michache baadaye dunia ilipata picha. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ilionyesha migongo ya sangara ikianikwa Mwanza, na watazamaji wa Ulaya wakashika vinywa. Serikali ya Tanzania ilikasirika. Mimi niliitazama na kilichonishangaza ni kushangaa kwao. Mgongo wazi ukikaangwa vizuri, na ugali wa moto na mboga za kienyeji, ni chakula, na nimeushiba mara nyingi. Enyewe aibu ya hadithi hii siioni kwenye karai la Obunga. Naiona kwenye mlango wa nyuma.

Kisha zikaja marufuku. Mwishoni mwa 1996 Uhispania na Italia zilikataa samaki wa Victoria zikitaja salmonela. Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilipozuka Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka huku. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kuzuia samaki si dawa ya kipindupindu, lakini nani alisikiliza. Mwaka 1999 ikawa sumu: kulikuwa na watu waliokuwa wakivua kwa dawa za kuulia wadudu, na hilo halikuwa uzushi. Uganda ikaruhusiwa tena mwaka huo huo, Tanzania mapema 2000, Kenya ikawa ya mwisho, kuelekea mwisho wa 2000. Viwanda vilipunguza watu, wengine wakafunga. Bei ya mbuta ufuoni ilianguka, na kuna watu watakuambia, kwa sauti ya chini, kwamba miezi hiyo walikula minofu.

Ili soko lifunguke tena, ilibidi ufuo wenyewe ubadilike. Sheria za Ulaya, kuanzia agizo la mwaka 1991, zilitaka samaki apokelewe mahali penye paa, sakafu laini inayooshwa, maji safi na uzio, tena mbali na wanyama. Bichi zilizochaguliwa zikajengewa mabanda. Kamati za bichi, hizi tunazoziita BMU, zikapewa nguvu za kisheria mwaka 2007 kusimamia usafi na uvuvi. Sitabeza hayo. Nimeona samaki akipasuliwa juu ya mchanga ambao mbwa alikuwa amelala dakika moja kabla, na maji ya kumwoshea yakichotwa hatua tano kutoka mahali watu walipokuwa wakioga. Sakafu ya vigae ni bora kuliko hapo, sitaki tudanganyane.

Ila uzio una ndani na nje. Ndani kuna mizani, barafu na ajenti. Aliyekuwa na jiwe yuko nje, na jiwe, kwa lugha ya sheria, ni uchafu. Kazi ya kupasua ilipoondolewa ufuoni kwa jina la usafi, hakuna aliyeweka kwenye hesabu wale samaki wawili watatu wa malipo. Mwanamke ambaye samaki alimfikia kwa sababu kisu chake kilihitajika, sasa alipaswa kuja na pesa taslimu kushindana na lori. Asiye na pesa alijikuta kwenye ule mtindo unaoitwa jaboya, ambapo mvuvi anakuhifadhia samaki nawe unamhifadhia mwili. Limeandikwa sana juu ya jaboya kama suala la maadili na la virusi. Mimi ningependa liandikwe mara moja kama suala la barafu.

Je, ilibidi iwe hivyo? Niliposoma habari za wavuvi wa Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, nilikuta nao waligombana na swali lile lile kuhusu samaki wao mdogo mwenye mafuta, heringi, anayeharibika upesi kama wetu. Waholanzi walihamishia kisu baharini. Wanampa sifa mvuvi wa karne ya 14, Willem Beukelszoon wa Biervliet, kwa mbinu ya kutoa mashavu na sehemu ya utumbo kwa mpigo mmoja na kuacha kongosho ndani, ambayo hukomaza samaki kwenye chumvi. Wanahistoria wanabishana kama kweli ni yeye, lakini mashua zilizopasua na kutia chumvi humo humo majini ziliweza kukaa nje majuma mengi, na utajiri wa Uholanzi una harufu ya heringi.

Waskoti walifanya kinyume. Walikiacha kisu nchi kavu, mikononi mwa wanawake. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 maelfu ya wasichana kutoka vijiji vya Uskoti walifuata heringi bandari kwa bandari hadi Great Yarmouth, Uingereza, vidole vimefungwa vitambaa ili chumvi isiingie kwenye majeraha. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakipasua na mmoja akipanga kwenye mapipa, na walisifiwa kupasua hata samaki 60 kwa dakika. Kazi ilikuwa ya kikatili. Lakini kwa sababu bila wao heringi angeoza gatini, mwaka 1936 waligoma kule Yarmouth kudai nyongeza. Nikawaza: mama wa Obunga atagoma dhidi ya nani? Akiacha kununua migongo kesho, lori la chakula cha kuku liko langoni tayari. Mgomo unataka mtu ashike kisu wakati samaki bado ana haraka.

Siku hizi kisu kimepata mgogoro mpya, nao unanifanya nicheke kidogo. Ndani ya tumbo la mbuta kuna bondo, kile kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea. Nyanya yangu, kama angempasua mbuta, bondo lingeenda supuni au kwa mbwa. Leo makavu yake yanauzwa Hong Kong na China kwa bei ambayo nyama ya samaki huyo haiisogelei hata kwa mbali. Kwa hivyo tumbo, lile ambalo lilikuwa taka, ndilo mali. Ajenti sasa anamkagua samaki kuona kama kuna aliyemtangulia kumpasua. Kiwanda kinamtaka mzima, na si kwa ajili ya usafi peke yake. Mvuvi naye anajua, na samaki akifika bichi ana mkato tumboni, maneno huanza: amepasuliwa wapi, na nani, na bondo liko wapi? Watu wazima wanarushiana matusi juu ya kitu ambacho miaka 30 iliyopita kilielea majini na hakuna aliyeinama kukiokota.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo sokoni Kisumu. Amezaliwa ufuoni na amepasua samaki tangu akiwa na miaka sita. Mbuta hakumgusa, bei ilimfukuza. Akasimama mbele ya katoni za tilapia kutoka China, wale ambao mwaka 2018 rais wa wakati huo alisema wazuiwe na bado wapo. Wamepangwa wote urefu mmoja, wameganda. Akamchukua mmoja, akampindua, akaingiza kidole kwenye mkato wa tumbo akazungusha, vile ambavyo ungekagua sufuria iliyooshwa na mtoto.

"Safi," akasema. "Hana hata utando." Kisha akamwuliza kijana aliyekuwa akiuza: "Mayai yake yalienda wapi?"

"Mathe, hiyo uliza China."

Akamrudisha kwenye katoni, akafuta kidole kwenye leso, tukatembea hadi kwa mama wa migongo aliyekuwa karibu na lango. Akanunua miwili, mikubwa. Alipokuwa akifungiwa kwenye gazeti, alichungulia upande wa ndani, pale mbavu zinapokutana, akaona kipande cha mafuta ambacho kisu cha kiwandani kilikuwa kimekiruka, akakisukuma kwa ukucha kisianguke.